Kijiko cha Dawa ya Ng'ombe Kila Jumapili

Mlikuwa mmejificha wapi, ninyi wenye mimba? Tangu mahindi yakauke shambani nimeketi hapa Voi nikingojea, na barua zilizonijia kwa ukurasa huu ni za waume wanaolalamika kwamba chai haina maziwa, za ndugu wanaogombania mpaka wa shamba, na moja ya mtu wa Mwatate aliyetaka nimtafutie mke asiyesengenya, nikamjibu kwamba akimpata aniletee na mimi nimwone. Wenye mimba hamkuandika hata mmoja. Nikajiambia labda wako salama, labda wanakwenda kliniki na hawana haja na mimi. Basi juzi Milka, mjukuu wangu anayenisomea barua na kuniandikia majibu kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu, akafungua bahasha, akasoma mpaka katikati, akaiweka magotini. Nikamwambia endelea. Akasema, "Nyanya, hii uisikie ukiwa umekaa." Nilikuwa nimekaa. Ilipokwisha nilikuwa nimesimama.

Isomeni na ninyi, mjue kwa nini leo sina utamu.

*

Nyanya Tryphena,

Pokea salamu kutoka huku Kasigau, nakuomba unisaidie kwa maana nimeshindwa na la kufanya, na tafadhali jina langu usilitaje, na mume wangu mwite Kilonzo ingawa silo jina lake, kwa sababu yeye ni mtu mzuri na sitaki watu wamcheke, isipokuwa sasa sijui tena kama wema wake unaniponya au unaniharibu.

Mimi niliolewa huku miaka michache iliyopita na mwaka jana nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia, wakamfunika, na mpaka leo hakuna aliyenieleza ni kwa nini, ila watu waliongea yao, wengine wakasema nilibeba maji mengi kutoka kisimani, wengine wakasema mimi ni mkavu, na mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kwa njia yake, akasema ni zile tembe za damu za kliniki zilizomnenepesha mtoto mpaka akakwama, na mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kama kifaranga lakini nani angebishana naye siku ile. Kilonzo yeye alichimba kaburi kwa mikono yake halafu akarudi kazini, na kazi yake ni kwenye ranchi moja huku tambarare, yeye ndiye mshika dawa, ndiye anayeingiza ng'ombe kwenye josho na kuwachoma sindano, na mkubwa wake humwita daktari kwa mzaha lakini yeye hulipenda jina hilo.

Sasa kiangazi hiki kilipokaza na nyasi zikaisha, ranchi ililetewa vitamini ya ng'ombe, mafuta ya manjano kwenye chupa kubwa, wakanyweshwa ng'ombe wenye mimba, kwa sababu Kilonzo anasema ng'ombe akikosa majani mabichi muda mrefu huzaa ndama dhaifu, hata kipofu, na wale walionyweshwa ukame uliopita walizaa ndama waliosimama bila kusaidiwa. Basi nilipomwambia nina mimba tena aliangalia shamba letu ambapo kunde zilikauka na kilichobaki ndovu wakamaliza, akaangalia sufuria ambayo ndani yake kulikuwa na mahindi ya manjano ya msaada na chumvi, akasema, "Wewe na wale ng'ombe mmekosa kitu kimoja." Jumapili iliyofuata akaja na chupa.

Nyanya, alikuwa na furaha, akanipima kwa macho vile anavyompima mtamba wa ranchi, akasema ng'ombe mkubwa hupewa kikombe kwa hiyo mimi kijiko kikubwa cha mezani kitanitosha, akaniinua kidevu kidogo vile anavyowafanya wale, mimi nikacheka na yeye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kicheko kisikike ndani ya nyumba yetu tangu mtoto aende, kwa hiyo nikameza, ingawa yalinuka samaki aliyesahauliwa juani. Tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani namezeshwa kijiko, na mama mkwe anafurahi pia, anasema mafuta yatamtelezesha mtoto atoke bila shida, na mimi nilikuwa nafurahi kwa sababu wao wanafurahi.

Lakini kichwa kimeanza kuniuma kila siku, midomo inapasuka na ngozi inabanduka kwenye viganja, nywele zinabaki kwenye kitana, natapika kuliko vile nilivyotapika kwa yule wa kwanza, mifupa ya miguu inauma, na mimba yenyewe bado haijaonekana, iko kwenye mwezi wa tatu tu. Nikadhani ni mimba. Halafu Risper jirani yangu akaja kuazima ungo, akaiona chupa kwenye rafu, akapangusa ile karatasi yake iliyolowa mafuta kwa ncha ya leso, tukasoma pamoja, na imeandikwa kwamba ni dawa ya mifugo peke yake na binadamu asipewe. Kilonzo aliporudi nikamwonyesha. Akasema, "Wanaandika hivyo ili watu wasiibe."

Nikamwuliza ng'ombe hupewa mara ngapi, akasema mara moja, halafu wanaachwa miezi, kwa sababu ikizidi humdhuru mnyama. Nikamwuliza basi mbona mimi kila Jumapili. Akasema, "Ng'ombe ni wa kampuni, akifa naulizwa." Maneno yalipomtoka akayasikia mwenyewe, nikaona uso wake umebadilika, akatoka akaenda kutengeneza ua ambao haukuwa umebomoka. Lakini Jumapili kijiko kilikuja tena, akanipa bila kuniangalia.

Kliniki nilikwenda mara moja tu mwanzoni, nikapewa tembe za damu, nikazimeza siku chache choo kikawa cheusi, nikaogopa, mama mkwe akasema unaona zinakuunguza ndani, nikazichomeka kwenye kopo juu ya ukuta chini ya mabati na sijarudi tena. Na sasa naogopa kurudi, kwa maana chupa ina alama ya rangi ya ranchi, sista akiuliza nimeitoa wapi Kilonzo atafutwa kazi, na mwaka huu mshahara wake ndio unaotulisha sote. Na nikikataa kijiko halafu mtoto huyu pia asilie, watasema nilikataa dawa. Je, nipunguze niwe nakunywa nusu? Au niwe naweka mdomoni halafu natema nyuma ya nyumba bila yeye kujua?

Ni mimi mke wa Kilonzo, Kasigau.

*

Mke wa Kilonzo, mwanangu,

Weka kijiko chini. Sisemi nusu, sisemi robo, sisemi kulamba kizibo. Hayo mafuta hayaingii tena mdomoni mwako tangu saa hii unaposoma. Na usiteme nyuma ya nyumba. Mwanamke mwenye mimba hana nguvu za kuficha dawa shavuni na kukimbia nyuma ya nyumba kama mtoto aliyelazimishwa mwarobaini. Utamwambia machoni kwamba hunywi. Akiuliza nani kakuambia, mwambie Tryphena wa Voi, na kama ana maneno aje ayalete hapa, nipo.

Sasa niachie nafasi nikasirike, kwa sababu nimeshika hasira hii tangu juzi na supu imenishinda kumeza.

Kilonzo, najua utasomewa haya. Nataka uniambie mimi, mtu mzima wa kukuzaa, nani aliyekuambia kwamba kwa huyu huulizwi. Ng'ombe wa mzungu au wa kampuni au wa nani sijui, unampa mara moja unaandika, unahesabu miezi, unaogopa. Mwanamke uliyemtoa kwa mama yake ukiahidi mbele ya watu, huyo unammiminia kila wiki, kwa sababu akiharibika hakuna mkubwa wa kukuita ofisini. Basi mimi ndiye mkubwa. Nakuita ofisini. Na usinipe hayo maneno ya kwamba wameandika ili watu wasiibe. Kama wangetaka usiibe wangefunga mlango wa stoo. Wameandika kwa sababu kuna watu kama wewe, wenye moyo mwema na mkono usiouliza.

Najua pia ulichimba lile kaburi mwenyewe. Ndiyo maana nakukaripia, sikutukani. Ungekuwa mtu asiyejali nisingepoteza wino wa Milka. Lakini huzuni haikufanyi daktari, baba, na wale wanaokuita hivyo kule josho wanakutania.

Narudi kwako, binti. Mimi nimepokea watoto vilimani Ronge na Wundanyi tangu kabla barabara haijawekwa lami, lakini habari za vitamini za chupani sikuzikuta kwa mama yangu, kwa hiyo sikukaa hapa nikabuni. Nilijifunga kanga nikaenda kwa sista mmoja wa kliniki ya akina mama ninayemwamini, nikamwambia kisa bila kutaja mtu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

Alinieleza hivi, na mimi nakupa vile nilivyoelewa. Kuna vitamini ambazo zikizidi mwilini hutoka na mkojo, umekojoa zimekwenda. Na kuna nyingine za mafuta, hizo haziondoki hivyo, zinajilundika kwenye ini, leo kidogo, Jumapili ijayo kidogo, mpaka ghala linajaa na zinaanza kumwagikia mwenye ghala. Hiyo ya manjano ya ng'ombe imejaa ya namna hiyo ya pili, ile wanayoiita A na wenzake. Mtu akiikosa kabisa ni shida, macho yanaharibika, huo ni ukweli, Kilonzo hakuota. Lakini ikizidi ni shida nyingine, ndiyo hayo maumivu ya kichwa, midomo kupasuka, nywele kwenye kitana, mifupa kuuma. Ukadhani ni mimba. Mimba ina lawama zake nyingi, lakini hiyo ya ngozi kubanduka usiibebeshe.

Na kwa mtoto, sista alisema miezi hii ya mwanzo ndiyo anaumbwa, uso, moyo, kichwa, na vitamini hiyo ikimfikia kwa wingi inaweza kuharibu kazi inayoendelea. Nilimwuliza, basi mtoto huyu amekwisha kuharibika? Akasema hajui. Akasema wako wanaokunywa kwa kutojua na mtoto akatoka mzima, na wako ambao haikuwa hivyo, na yeye hawezi kusema mpaka akuone, ajue ni dawa gani na ilikuwa kipimo gani. Nami sitakudanganya zaidi ya hapo. Ungetaka nikuambie mtoto yuko salama, na ningetaka kukuambia. Ninachokuambia ni kwamba kila kijiko ambacho hukimezi kuanzia leo kiko upande wake.

Halafu najua wanaume. Ukimwambia mafuta basi, atakimbilia buchani akuletee maini, kwa sababu maini yanatia damu. Mwambie asubiri. Ini la mnyama ndilo ghala lenyewe la vitamini hiyo, na wewe ghala lako limejaa. Usile mpaka sista aseme. Na yale mafuta ya samaki ya dukani ambayo mama yeyote atakuambia ni mazuri, ni ndugu wa hayo ya ng'ombe, usiyaguse. Na wale vijana pale stendi ya Voi wanaotembeza vidonge vya rangi rangi kwenye karatasi, wanakuita "mama, hii ni ya nguvu, hii ni ya mtoto mwerevu", hao nimewaambia mara nyingi waniuzie mimi kwanza niwamezeshe wao, na hawajarudi upande wangu wa barabara. Hata kitu kinachoitwa vitamini kinaweza kumdhuru mtoto. Chochote cha chupa au cha karatasi, kimpitie sista kwanza ndipo kikupitie wewe.

Majani ya mboga hayana balaa hiyo. Mwili huchukua humo unachohitaji, ukabakiza. Kama kunde zako zilikauka, omba majani ya kunde yaliyoanikwa kwa mtu mwenye akiba, Risper hawezi kukunyima baada ya kuazima ungo wako. Loweka, chemsha, tia kwenye hayo mahindi ya msaada pamoja na pojo, zile ndengu, zikipatikana. Papai likipita, kula. Si chakula cha harusi, lakini kinajua njia ya kwenda kwa mtoto.

Sasa zile tembe za damu. Mama mkwe wako ni mwenzangu, kwa hiyo naongea naye mimi mwenyewe, wewe usijitie. Mama Kilonzo, wewe na mimi tumeona mengi, lakini hapa umepotea. Zile tembe ni chuma, zinatia damu, hazinenepeshi mtoto. Yule mtoto alikuwa kifaranga, mlimwona wote, alikwama wapi? Choo kuwa cheusi ni kile chuma kinachozidi kinatoka, hakiunguzi mtu. Na mafuta ya kutelezesha, mama, yakimezwa yanakwenda tumboni pamoja na ugali, njia ya mtoto hayaijui. Umezaa watoto wako na hakuna aliyepitia kooni. Huyu msichana anakuheshimu kiasi cha kuficha dawa chini ya mabati kwa ajili ya neno lako. Basi mpe neno jingine. Mwambie mwende.

Hizo tembe za kopo zimekaangwa chini ya mabati kiangazi kizima, usizirudie na usijaribu kumeza nyingi kulipia siku ulizoacha. Zichukue uende nazo, upewe nyingine. Ukizipata, meza kama ulivyoambiwa, kwa maji, si kwa chai, chai inazizuia kazi. Zikikuvuruga tumbo sema, watakuonyesha namna ya kuzimeza. Na ziwe mahali ambapo mtoto wa jirani hafiki, kwa sababu hizo tembe zinafanana na peremende, na mtoto mdogo akizila nyingi anaweza kufa.

Tumalizane na hofu yako kubwa, ambayo umeiandika mwishoni kama kitu kidogo. Unaogopa alama ya rangi kwenye chupa. Unamkinga mume, na kwa kumkinga unataka kumficha sista dawa uliyokunywa. Mwanangu, sista si askari wa ranchi. Yeye hatafuti mwizi, anatafuta kipimo, na kipimo kimeandikwa kwenye ile chupa na si mahali pengine. Ukifika ukasema tu "nilikunywa vitamini", atakuandikia vitamini kama wenzako, atakuongezea juu ya ghala lililojaa, na atakuwa hana kosa. Kosa litakuwa letu. Habari ya Kilonzo na stoo ni ya Kilonzo na mkubwa wake. Mafuta yaliyobaki arudishe, aseme alichofanya na kwa nini. Huenda akasamehewa, huenda asisamehewe. Sisemi ni jambo dogo mwaka huu wa njaa, mimi pia nakula hayo mahindi ya manjano. Lakini kazi mtu anaweza kuitafuta tena. Nawe hutamzika mtoto mwingine kwa ajili ya stoo ya ng'ombe.

Na wakisema ulikataa dawa? Waache waseme. Wakati ule walisema maji, wakasema ukavu, wakasema tembe, na hakuna kati yao aliyekushika mkono akupeleke kuulizia. Safari hii utakuwa na jibu, na jibu utakuwa umelisikia kwa masikio yako.

Usingoje ile siku iliyoandikwa kwenye kadi yako. Kichwa kikiuma mpaka macho yanaona ukungu, au ukiona damu, au kutapika kukikataa hata maji, siku hiyo hiyo uondoke, hata kama ni kwa kubebwa. Kama hayo hayapo, pandeni lori la kwanza linaloteremka Voi wiki hii. Nasema pandeni, nyote wawili. Kilonzo akaombe ruhusa, aseme mke anaumwa, si uongo. Chupa abebe yeye, mkononi, bila kuifunga gazeti, na kile kijiko mje nacho, maana vijiko vya mezani havilingani. Usikae kwenye benchi ukingoje kuitwa jina halafu ukapimwa uzito ukaangaliwa macho ukarudi nyumbani na siri yako. Ukifika mlangoni pa kliniki, kabla hujapanda mizani, mwambie sista wa kwanza utakayemwona, kwa sauti ambayo Kilonzo ataisikia: "Nimekuwa nikinywa dawa ya ng'ombe kila Jumapili, chupa ni hii, kijiko ni hiki." Ukishasema hivyo, ndipo ukae.